Bega la Baba Mkwe

Wivu ninao, na sitaki mtu anifundishe kuuficha. Wanawake wenzangu hapa Makwale husema wivu ni dhambi, halafu wakitoka ibadani wanatembea wakitazama nani ameezeka bati jipya. Mimi nasema wazi. Nilimwonea wivu Marystella, mke wa shemeji yangu Jackson, na nilimwonea kwa sababu ya mwanamume mmoja ambaye si mume wangu. Ni baba mkwe.

Usikunje uso. Si wivu wa namna hiyo.

Kwetu Wanyakyusa, mke haonani na baba wa mume wake. Wazee huita ukutila, yaani kuogopa, lakini ni woga wa heshima. Hampeani mkono, hamketi pamoja, humtazami naye hakutazami, na jina lake hulitamki. Silitamki hata hapa. Ukimwona anakuja njiani, wewe ndiye unayeacha njia. Siku hizi mabinti wengi wamelegeza, wanasema dunia imebadilika. Mimi niliolewa na Ezra, mtoto wa kwanza wa nyumba iliyoshika desturi, nami nikaishika kwa mikono miwili. Mzee akikohoa tu ng'ambo ya uwanja, mimi nimeshaingia migombani. Nimeng'atwa na siafu humo. Nikiwa na mimba ya Lusungu, tumbo limefika puani, niliwahi kuchuchumaa nyuma ya mkakao mpaka miguu ikafa ganzi, kwa sababu mzee alikuwa amesimama njiani akibishana na mtu habari za mbuzi. Alichokiona kwangu miaka yote hiyo ni kanga na mgongo ulioinama unaokimbia.

Chakula chake ni mimi. Tangu mama mkwe afariki sijamwachia mtu mwingine. Wali, mbalaga za ndizi zilizoiva vizuri, samaki mbasa akipatikana. Naweka kwenye kigoda mlangoni kwake, napiga makofi, naondoka. Nikirudi nakuta sahani tupu imefunikwa vizuri, na huko kufunika ndiko kushukuru kwake. Mwingine angeona haya ni mateso. Mimi niliona ni cheo.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 kifua kilipita huku kwetu, kile ambacho watu walikuwa wanakiita changamoto ya upumuaji kwa kuogopa kukitaja kwa jina. Mzee kikampata. Nilichemsha nyungu mwenyewe: majani ya mlimao, mchaichai, mwarobaini, tangawizi. Nilikuwa nikikifikisha chungu mlangoni, Ezra anakiingiza ndani na kumfunika baba yake blanketi. Mimi nakaa nje chini ya dirisha nasikiliza anavyopumua. Siku aliyotoka nje mwenyewe kuota jua nililia jikoni kwa furaha, na moshi ukasingiziwa.

Kisha akaja Marystella.

Ni binti wa Mbinga, muuguzi, serikali ilimpangia zahanati ya huku. Jackson alimpata mjini Kyela anakouza vifaa vya ujenzi, wakafunga ndoa, wakahamia nyumba ya pili ya uwanja wetu. Asubuhi yake ya kwanza nilikuwa natandaza kakao juu ya kichanja. Nikamwona anavuka uwanja, kichwa wazi, moja kwa moja hadi barazani kwa mzee, anapiga goti na kunyoosha mkono.

"Shikamoo, baba. Umeamkaje?"

Mzee alishtuka. Mimi nikangoja radi. Radi haikupiga. Mzee akaupokea mkono ule akasema, "Marahaba, mwanangu," na punje za kakao zikanimwagikia miguuni.

Nilimwambia Ezra mchana huo huo. "Mke wa mdogo wako amemshika baba yenu mkono. Afundishwe."

"Si wa kwetu, mama Lusungu. Hajui."

"Ndiyo maana nasema afundishwe!"

"Mzee amesema aachwe."

Aachwe! Mimi niliyeliwa na siafu sikuachwa. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Basi Marystella akawa anaketi barazani kila akitoka kazini. Akamletea mzee kile kipimo cha presha, akamkunja shati, akamfunga mkononi, akawa anaminya kipira na kutazama saa kama mtu anayengoja basi. Mzee akasema jambo, Marystella akajibu, mzee akacheka. Sikuwahi kujua kwamba mzee wangu anacheka kwa sauti nyembamba vile. Nilikuwa nyuma ya nyumba na sahani ya wali mkononi, na chakula kikapoa nikingoja yule binti aondoke ili mimi niweze kukaribia mlango. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mimi sikupona. Nilizidi kuugua.

Chanjo ya Uviko ilipofika mwezi wa nane, uwanja wetu uligawanyika kama nyumba nyingi. Jackson alichanjwa siku ya kwanza akajipiga picha. Ezra mume wangu ni mtu wa kusubiri. Akisikia kengele ya kanisa husubiri ya pili ndipo aondoke. Majirani walikuwa na maneno yao. Mmoja alisema ukichanjwa unakufa baada ya miaka miwili, mwingine akasema ukiweka balbu begani inawaka. Hiyo ya balbu sikuiamini hata kidogo. Ingekuwa kweli, tusingekuwa tunalipia umeme.

Marystella alinifuata jikoni nikichambua mchele. Aliketi kwenye kinu bila kukaribishwa.

"Dada, nataka tuongee habari za baba. Ana presha, na umri umekwenda. Kifua kile kikirudi, sidhani kama atahimili. Akubali achanjwe. Na wewe pia, dada, wewe ndiye unayemhudumia."

"Mzee alishaugua akapona. Kwa nyungu yangu."

"Nyungu inazibua pua, dada. Haizuii ugonjwa."

Angenipiga kofi ningeumia kidogo zaidi ya pale, au pengine kidogo chini yake. Inazibua pua! Vile vyungu vyote, zile jioni zote chini ya dirisha, vimekuwa vya kuzibua pua. Lakini si hilo lililonifanya niinuke. Nilichokiona machoni ni shati la mzee likivuliwa upande mmoja, na vidole vya Marystella vikipapasa bega lake vikitafuta mahali pazuri. Bega ambalo mimi sijui kama lina kovu au halina. Nilimlisha mtu yule miaka yote, na bega lake angelijua mgeni.

Dirisha la mzee lilikuwa wazi. Nilijua. Kumsemesha baba mkwe ni mwiko, lakini kupaza sauti jikoni kwako si mwiko.

"Mimi sichanjwi!" nikasema, na kuku wakakimbia. "Haifai! Vitu vimekuja juzi, hatujui vimetoka wapi. Na anayekula chakula cha mikono hii, naomba asikubali kuchezewa damu yake!"

Marystella alitazama dirisha, akanitazama mimi. Akaelewa ninazungumza na nani.

"Dada, hilo unaliamini kweli?" akauliza taratibu.

"Ondoka kwenye kinu changu."

Akaondoka. Kesho yake Ezra akaniambia mzee amekataa chanjo. Nikapika mbalaga za nazi.

Haukupita muda mrefu, mzee Nsajigwa wa Katumba Songwe akafariki. Huyu alikuwa rika la baba mkwe, walichunga pamoja wakiwa vijana, na walikuwa bado wanatembeleana kila mmoja na fimbo yake. Alianza kukohoa wakati watu wanatoka shambani, na kabla ya Jumapili kufika alikuwa ameshazikwa. Wanawake waliotoka msibani walisimulia kwamba hakulala kitandani kabisa. Alikaa kwenye kiti, mdomo wazi, akiitafuta hewa mpaka akaacha kuitafuta.

Mzee wetu alirudi kutoka mazishini akaketi barazani kwake. Jioni wingu likajikunja upande wa milima ya Livingstone, nikakimbia nyuma ya nyumba yake kukusanya kakao kabla haijanyeshewa. Marystella alikuwa barazani. Kati yangu na wao palikuwa na ukuta wa tofali mbichi tu.

"Baba, mzee Nsajigwa hakuchanjwa," Marystella alikuwa anasema. Sauti yake ilikuwa ya kulia. "Nakuomba. Sitaki nije nikuhudumie ukiwa katika hali ile. Sisi hatuna hata mtungi wa hewa pale zahanati."

Nikasikia mzee akiweka fimbo yake chini.

"Mwanangu," akasema, "wewe una masomo na una moyo mzuri, na mimi nakusikiliza. Lakini mama Lusungu amenilisha tangu mama yao afe. Kifua kilipotaka kunichukua, ni yeye aliyenirudisha. Hajawahi kuniwekea kitu kibaya mlangoni. Yeye amesema haifai. Basi kwangu haifai."

Marystella akajibu kitu, sikukisikia. Nilikuwa nimeegemea ukuta na ungo wa kakao kifuani, na furaha ilinipanda kutoka kwenye nyayo. Nimemshinda! Pamoja na kipimo chake cha presha na sketi yake nyeupe. Pamoja na kushikana mikono. Neno langu moja, la kupitia dirishani, lilikuwa zito kuliko yeye mzima mzima. Nilitaka kupiga vigelegele. Mvua ikaanza, kakao ikalowa, na sikujali.

Furaha hiyo ilinifikisha mlangoni kwangu tu. Nilipoweka ungo chini nikamkumbuka Nsajigwa kwenye kiti chake, na kiti kile kikawa na baba mkwe juu yake.

Kwa sababu hili nililijua: neno lile sikuliamini. Ningeambiwa niape, nisingeapa. Sikuwa na ushahidi wala mashaka yoyote juu ya ile sindano. Nilikuwa na donge juu ya mkono unaoishika. Na mzee alilichukua donge langu akadhani ni ushauri. Akifa, atakuwa amekufa kwa kuniamini mimi. Tena, na hili liliniuma kwa namna yake, pale msibani Marystella angelia machozi safi, na watu wangesema yule binti wa Mbinga alihangaika sana, ila wakwe wenyewe ndio hao.

Nikamwambia Ezra, "Nenda kwa baba. Mwambie nimebadili mawazo. Mwambie achanjwe."

Mara hii hakusubiri. Akaenda, akarudi akijikuna kisogo.

"Anasema hayo ni maneno yangu na ya Jackson. Anasema tunataka kumzunguka."

"Hukumwambia nimesema mimi?"

"Nimemwambia. Ameuliza, 'Mama Lusungu mwenyewe amechanjwa?' Nikanyamaza."

"Basi nitachanjwa, umpelekee kadi."

"Kadi anasema watu wanauziana mjini. Mzee hadanganyiki kwa karatasi, mama Lusungu. Wewe hujawahi kumdanganya, ndiyo maana amekushika wewe."

Niliketi nikafikiri, na kila njia niliyoifikiria ilinipeleka mahali pamoja. Mzee ataamini macho yake. Macho yake hayajawahi kuniona.

Nilivuka uwanja nikaingia kwa Marystella. Alikuwa anapiga pasi sare zake. Sikuketi.

"Mmesema lini mnakuja kuchanja mtaani?"

"Alhamisi, dada. Tutaanzia hapa uwanjani kwetu." Aliweka pasi chini. "Kwa nini?"

"Nichanje siku hiyo. Weka kiti mbele ya baraza la mzee. Karibu kabisa, aone sindano inaingia."

"Lakini atakuona! Si mnaogopana? Jackson alinieleza baadaye kabisa, nikaona aibu mno. Dada, kama nilikukosea kwa kutokujua..."

"Ndiyo, ataniona. Wewe chanja tu."

Alisogea kama mtu anayetaka kunikumbatia. Nikarudi nyuma. Kuna mipaka.

Alhamisi uwanja ulijaa. Majirani walikuja, wengine kuchanjwa, wengi kutazama wanaochanjwa wasije wakaanguka. Marystella na mwenzake waliweka meza, lile boksi la barafu na viti viwili vya plastiki. Mzee aliketi barazani kwake na shuka miguuni, akitazama kila anayekuja kwa uso wa mtu aliyekwisha kuamua.

Nilikuwa nimevaa gauni la mikono mifupi, maana huwezi kuchanjwa kwenye bega lililofungwa. Nilipotoka mlangoni kwangu nilikuwa na kanga kichwani. Katikati ya uwanja nikaiondoa. Wanawake wa Kinyakyusa walioniona walishika midomo. Mmoja akaniita kwa sauti ya chini, "We Kisa, umerukwa na akili? Mzee yuko barazani!" Sikugeuka. Miguu yangu ilizoea kukimbilia migombani, na kila hatua niliyokwenda mbele ilikuwa kama kumvuta ng'ombe asiyetaka kuvuka mto.

Nikaketi. Nikainua uso. Nikamtazama baba mkwe.

Ni mzee mwenye nyusi nyeupe. Ezra amechukua pua yake. Hayo ndiyo niliyoyaona, kwa sababu mtu hawezi kuona mengi huku moyo unapiga vile. Naye alinitazama, moja kwa moja, bila kupepesa. Marystella akanipangusa bega kwa pamba ya baridi, akachoma, nikauma meno. Mzee alifuatilia sindano ikiingia mpaka ikatoka.

Kisha akatikisa kichwa, akamwambia Marystella kwa upole, kama anavyozungumza naye siku zote:

"Huyu mama ni jasiri, hakutetemeka. Ni mgeni wa wapi? Sijapata kumwona hapa kwetu."

Majirani wakageuka kunitazama mimi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa yote. Nilijiandaa aghadhibike, ainuke aingie ndani, anitoze ng'ombe kwa kuvunja heshima. Hili sikujiandaa nalo. Uso wa Marystella, wa miezi michache, aliujua. Angeutambua sokoni Lyulilo katikati ya watu na vyungu. Wangu, ulioinamia chakula chake miaka yote, ulikuwa uso wa mgeni. Nilihisi machozi, nikahisi pia hasira, na sikujua ipi imetangulia.

Marystella alinitazama. Angeweza kujibu. Hakujibu, akaniachia mimi, na hata hilo, kwamba alijua kuniachia, liliniudhi.

"Mimi ni mama Lusungu, tata," nikasema, kwa neno letu la kumwita baba.

Mzee alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Mikono yake ikalivuta shuka kutoka magotini, ikalipandisha, akajifunika nalo kichwa na uso, akabaki ameketi pale kama kitu kilichofunikwa kisipate vumbi. Hakuna aliyecheka. Nami nikainama, kanga ikarudi kichwani yenyewe.

"Mama Lusungu amechanjwa?" sauti ikauliza kutoka ndani ya shuka.

"Amechanjwa, baba," Marystella akasema. "Umeona mwenyewe."

"Na ile kauli ya jikoni?"

Hilo lilikuwa langu. "Niliisema kwa hasira, tata. Si kwa ajili ya chanjo."

Mwenzake Marystella alianza kufunga boksi, akidhani mambo yamekwisha. Ndipo mkono wa kushoto wa mzee ukatoka pembeni, mwembamba, ukaanza kuhangaika na vifungo vya shati.

"Ndaga," akasema. Asante, kwa lugha yetu, na aliitoa taratibu, na nilijua ni yangu. Halafu akaongeza: "Marystella, njoo unichanje. Lakini mama Lusungu aondoke kwanza. Si vizuri aone bega langu."

Niliondoka. Ungefanya nini? Mkwe amemheshimu mkwe. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikasimama mahali pangu pa siku zote, migomba mbele yangu na bega likinichoma. Niliipigania ile sindano kuliko mtu yeyote pale uwanjani, na mimi peke yangu ndiye ambaye sikuiona ikiingia.

Nilisikia kiti kikisogezwa. Nikamsikia Marystella akisema, "Tayari, baba, imekwisha." Nikashusha pumzi.

"Mwanangu," mzee akasema, na akapunguza sauti, lakini ukuta ule wa tofali mbichi hauzuii kitu. "Yule mke wa Ezra. Nilimtazama kama mtu baki, sikumtazama kama wangu. Na sasa siwezi kumtazama tena. Niambie wewe unayemwona kila siku, yukoje?"

Nikamsikia Marystella akivuta kiti, akaketi karibu naye, kisha akaanza kumweleza. Alianzia kwenye macho. Nikaziba mdomo kwa kanga nisipige kelele, maana uso ni wangu, na anayempa mzee ni yeye.